Shoga, Mbwa na Bahari: Tuhesabu Kutoka Saba Kurudi Moja

Wikiendi ya ufukweni ukiwa na mbwa inapita wikiendi ya ufukweni bila mbwa. Hilo nitalitetea popote. Shoga yangu na mimi huvuka kwenda Kigamboni Ijumaa jioni, yeye na Simba wake, mimi na Popi wangu, na Jumapili tunarudi mchanga umejaa hadi kwenye begi la simu. Njiani tunabishana tu. Haya ndiyo tunayobishania, nimeyapanga kuanzia jepesi hadi lile ambalo mtu akilisahau hatukai meza moja.

7. Usafiri

Daladala sahau. Konda anayepiga kelele kwamba siti zipo, akimwona Simba zinakwisha papo hapo. Bajaji hukubali, ila kwa mazungumzo. "Hawa wawili nao abiria?" Shoga akajibu: "Hawa walinzi wako kaka, wewe ndiye unayedaiwa." Tukaongeza buku mbili, safari ikaanza. Mwenye gari apite Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Popi akishaanza kunusa chumvi pale juu, hakuna wa kumtuliza.

6. Malazi

Ulizia kabla hujalipa. Nyumba nyingi za wageni hazipokei mbwa, na zinazopokea zinataka kujua ukubwa wake. Shoga alipoulizwa kwenye simu kama Simba ni mdogo, alisema, "Ndiyo, ni mdogo wangu wa mwisho." Nikamnyang'anya simu, nikataja kilo thelathini. Tulipewa banda la makuti la pembeni, lenye uzio, na ndilo lililotufaa kuliko vyumba vyote.

5. Jina

Shoga ni Yanga damu, na mbwa wake anaitwa Simba. Nilimuuliza kulikoni. "Nataka niwe namfunga kila siku, asubuhi na jioni." Sasa ngoja amwite ufukweni: nusu ya vijana wanaocheza mpira mchangani wanageuka, nusu nyingine wanazomea. Utani kando, mbwa asiyeitika jina lake nyumbani hataitika mbele ya mawimbi na kaa wanaokimbia. Huyo abaki kwenye kamba.

4. Maji na sahani

Mbwa mwenye kiu atakunywa bahari, na bahari itarudi kwa njia zote mbili, juu na chini. Beba dumu la maji baridi na bakuli, na umpe kabla hajaomba. Chakula kiwe kile alichozoea, dona na dagaa wake. Shoga huona huruma akila samaki wa kukaanga huku Simba anamkodolea macho. Nami humwambia: huruma yako ina miiba. Miiba ya samaki, mifupa iliyopikwa na kachumbari yenye vitunguu visimfikie. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kiwe kibichi au kimepikwa.

3. Vya kuokota

Hapa nataka tusikilizane. Maji yakishatoka, ufuo unakuwa bufee: ndoana zenye chambo, konyeza wanaowasha hata wakiwa wamekufa, na bunju. Bunju ndiye wa kuogopwa zaidi. Ni yule samaki anayejijaza akawa puto, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa na jua. Inalegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na haina dawa ya kuiua mwilini. Mbwa akimtafuna, mpeleke kwa daktari wa mifugo hapo hapo, usisubiri uone dalili. Shoga ana kauli yake: "Bunju ya daladala panda, bunju wa mchangani ruka." Siku ya kwanza kuisikia nilicheka, lakini tangu hapo tunatembea mbele ya mbwa, macho chini.

2. Bamvua

Wengi hupanga safari kwa kalenda ya mshahara. Ipange kwa mwezi ulioko angani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, na maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku hizo, upande wa Dar, yanakupwa saa nne hivi asubuhi na kujaa alasiri. Maana yake nini kwa mwenye mbwa? Asubuhi unapata uwanja mpana wa mchanga mgumu, mzuri kwa kukimbia. Alasiri ule ule umemezwa, na mliokwenda mbali mnarudi mkikwangua ukuta wa hoteli ya mtu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ratiba ya jana haikufai kesho.

Shoga hupenda kulala. "Bahari haikimbii," anasema. Inakimbia, shoga, tena mara mbili kwa siku! Halafu jua la saa sita linachoma nyayo. Weka mgongo wa kiganja juu ya mchanga. Ukishindwa kuuacha hapo sekunde tano, mbwa naye hawezi. Alfajiri na magharibi ndiyo saa zao.

1. Wenyeji

Hili halina mzaha. Ufuo una wenyewe kabla yetu. Wavuvi wanaanika na kushona nyavu, na akina mama wanaokota chaza maji yakitoka. Mpite mkisalimia, "Shikamoo, mzee," mbwa akiwa kwenye kamba fupi. Mzee anayekwenda msikitini ana kanzu safi. Kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usimtwishe mtu kazi hiyo kwa sababu Popi ana furaha. Shoga, mwenye mdomo kuliko sote, hapo hunyamaza na kumvuta Simba upande wa maji.

Kasa nao wana haki. Hutaga Kigamboni, na mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Mbwa huyanusa na kuyafukua kwa dakika chache, kwa hiyo usiku mbwa ndani.

Na watoto watakuja mbio kutaka kumshika Popi, kila mara. Kichaa cha mbwa kinaua karibu kila mtu ambaye dalili zimeshamtokea, na chanjo inakizuia. Mchanje mbwa wako kabla hujavuka daraja, na cheti ukibebe.