Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Kulala, Kuanzia kwa Bibi Yake

Mtoto wa miezi tisa anayeamka mara nne kila usiku ndiye mtu rahisi kufundishika kuliko wote nyumbani. Hana msimamo wa zamani wa kutetea, hana simu, hana tamthilia ya Kituruki anayotaka kujua imeishaje. Kazi kubwa iko kwa wanaomzunguka, kwa hiyo mafunzo yaanze na wao. Andikisha wanafunzi wafuatao: bibi, baba, dada wa kazi na televisheni ya sebuleni. Mtoto mwenyewe ataingia darasani wa mwisho, wenzake wakishaelewa somo.

Usingizi wa mtoto wa umri huu huenda kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua karibu saa moja; wa mtu mzima hukaribia saa moja na nusu. Mzunguko ukiisha kila binadamu huzinduka kidogo. Wewe hugeuza mto, ukavuta shuka, na asubuhi hukumbuki lolote. Mtoto naye huzinduka, akatafuta hali ileile aliyosinzia nayo. Kama alisinzia na titi mdomoni, atalidai titi. Kama alisinzia mgongoni kwa mtu, ndani ya mbeleko, akajikuta godoroni, atauliza kwa sauti ni nani aliyemhamisha. Kuzinduka huko hakuna mwalimu atakayekufuta. Kinachofundishika ni kule kusinzia tena bila kudai huduma zote za mwanzo wa usiku.

Sasa tuje kwa bibi, mwanafunzi mzito kuliko wote na mwenye elimu yake tayari. Kwake mtoto halii bure: ni tumbo, ni meno, ni jicho la mgeni aliyekuja jana akamsifia mashavu. Akisikia mguno mmoja saa nane usiku, mlango unafunguliwa. “Mjukuu wangu analia, nyinyi mnamtazama tu?” Usibishane naye saa hiyo. Mtoto atakuwa ameshabebwa, taa imeshawashwa, na nyumba nzima iko macho.

Zungumza naye mchana, baada ya chakula, kwa adabu yake yote. “Mama, nakuomba unisaidie. Kila jioni saa mbili kasorobo naomba wewe ndiye umkande mafuta na umwimbie. Ukimaliza, niachie mimi nimlaze.” Hapo umempa kazi ya heshima, na umempa kazi anayoiweza kuliko wewe. Kukandwa na wimbo uleule kwa saa ileile ndiyo nguzo ya mafunzo haya yote, maana mtoto hujifunza kwamba baada ya wimbo huu kinafuata kitanda. Hakuna atakayetunza saa hiyo kama bibi. Atakatisha mazungumzo na wageni kwa ajili yake.

Na tumsikilize bibi anapokataa mtoto kuachwa alie peke yake. Mwaka 1985 daktari Richard Ferber wa Boston alitoa kitabu kilichopata umaarufu mkubwa Marekani, kikimfundisha mzazi kumwacha mtoto alie kwa vipindi vinavyorefuka kabla ya kwenda kumtuliza. Njia hiyo ina watetezi wengi, lakini inahitaji mtoto awe na chumba chake. Katika chumba na sebule cha Temeke, mtoto akilia nusu saa wanaamka kaka zake wanaowahi shule, wapangaji watatu, na dereva wa bodaboda aliyetoka kazini sasa hivi. Mimi nachagua upole, kwa sababu ya majirani na kwa sababu ya mtoto.

Upole huo una njia yake. Chunguza kwanza mtoto husinzia saa ngapi kwa kweli, bila kujali saa unayoitamani. Kama ni saa nne usiku, anza na saa nne. Taratibu zote, hata wimbo wa bibi, kwa siku hizo zisogezwe zifanyike kabla tu ya hapo, kisha mlaze akiwa na usingizi machoni lakini bado hajapotea. Kila baada ya siku chache vuta muda nyuma kwa robo saa, hadi mfike saa mbili na nusu. Watafiti wa Adelaide, Australia, waliotangaza matokeo yao mwaka 2016, walifuatilia watoto 43 wa miezi 6 hadi 16. Waliocheleweshwa kulala kwa namna hii walipunguza muda wa kuhangaika kabla ya kusinzia, na mwaka mmoja baadaye uhusiano wao na wazazi haukutofautiana na wa watoto ambao hawakufundishwa. Msomee bibi habari hiyo, ataipenda.

Siku za kwanza kaa kando ya kitanda, mkono wako kifuani kwa mtoto. Siku zinazofuata mkono utoke, sauti ibaki. Baadaye sogea mkekani, kisha mlangoni. Kama mnalala kitanda kimoja, na wengi wetu ndivyo tulivyo, jifunze kulala pale bila kumgusa. Akiguna usiku, subiri. Watoto huguna, hujinyonganyonga, hata hulia kidogo wakiwa wamefumba macho, na anayekimbilia kumbeba ndiye humwamsha. Soma Suratul Ikhlas mara tatu, au sali Baba Yetu polepole hadi Amina, halafu sikiliza. Kikiwa kilio cha kweli, nenda kwake mara moja. Mtulize gizani, bila mazungumzo wala mchezo.

Baba ana somo moja tu, lakini ni zito. Mtoto akiamka bila njaa, aende baba. Mama ananukia maziwa, na mtoto akimwona atadai haki yake; baba hana cha kudaiwa. Akisema ana kazi asubuhi, mkumbushe kwamba mama pia anayo. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi tisa aliyeajiriwa huwa amesharudi ofisini zamani. Hilo hueleza mengi ya usiku. Mtoto aliyemkosa mama kutwa hulipiza kwa kunyonya usiku kucha, na umri huu ndio anaochukia kutengana naye. Mama akirudi jioni, aketi, anyonyeshe na kucheza naye kabla ya kushika sufuria. Hiyo ni sehemu ya mafunzo kama kitanda kilivyo.

Usimnyime titi lote la usiku. Mara moja au mbili kwa mtoto wa miezi tisa si kosa, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili na zaidi.

Dada wa kazi afundishwe saa kumi jioni. Mara nyingi mtoto hulazwa saa kumi na moja, akaamka magharibi, kwa sababu ndio muda pekee ambao dada anaweza kupika chakula cha jioni mikono ikiwa huru. Ana sababu ya haki, kwa hiyo ukimwomba amlaze mtoto mapema na kumwamsha saa kumi, awepo mtu wa kumpokea. Mtoto wa miezi 4 hadi 11, kwa mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2019, huhitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, za mchana zikiwemo. Anayeamka magharibi hawezi kusinzia saa mbili na nusu.

Televisheni ipunguzwe sauti saa moja kabla ya mtoto kulala. Umeme ukikatika feni ikazima, mvue nguo ya ziada na uendelee. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Mtoto alazwe chali bila mito wala blanketi zito, na asilale kitanda kimoja na aliyekunywa pombe.

Jambo moja sina upole nalo. Dawa ya mafua au ya mzio isitumiwe kumlaza mtoto, hata kijiko kimoja, hata kama jirani alimpa wake. Dawa inayomlevya mtoto inaweza kuzuia pumzi yake.

Wala usianze mafunzo kwa mtoto asiyefikisha miezi sita, au mwenye homa, kuhara au masikio yanayouma, au wiki mnayohamia nyumba mpya. Anza Ijumaa, bibi akiwa ameshaelewa. Wiki tatu zikipita na hali ni ileile, au mtoto anakoroma, anapumua kwa shida au haongezeki uzito, mpeleke kliniki. Nenda na bibi, kwa kuwa maelezo yake ya usiku yatakuwa kamili kuliko yako.