Robo Kilo Ina Adabu

Kuna wanaume wanaorudi nyumbani wakinuka pombe, na wengine wakinuka marashi ya kike. Wangu hurudi na gunia. Mashoga zangu huniambia nimshukuru Mungu, nami namshukuru, ila kwanza huuliza lina kilo ngapi.

Baba Watoto aliingia kwenye imani ya kununua kwa jumla kupitia video aliyotumiwa katika kundi la WhatsApp la ukoo wao. Kijana mmoja mwenye suti, nyuma yake ubao mweupe, alikuwa akieleza kwamba maskini hubaki maskini kwa kuwa hununua sukari robo robo, na tajiri hununua mfuko mzima. Hesabu yenyewe haina kosa. Hapa kwetu Tabata, robo nne za Mangi, mwenye duka la mtaani, zina bei kubwa kuliko kilo ya sokoni, kila mtu anajua. Tatizo ni kwamba mume wangu ni mhasibu, na mhasibu akiona hesabu isiyo na kosa usingizi humpaa.

Akaanza na mchele. Alidamka Jumamosi akaenda Tandale, kwenye soko la nafaka, akarudi na kilo 50 za mchele wa Kyela, kila kilo ikiwa nafuu kwa shilingi 300 kuliko ya Mangi. Akaandika kwenye daftari: tumeokoa 15,000. Nikamwomba aandike na mengine. Bajaji kutoka Tandale, 12,000. Kijana aliyebeba gunia toka dukani hadi kwenye bajaji, 2,000. Supu na chapati mbili, kwa kuwa mtu hawezi kukagua mchele na njaa, 4,000. Akatazama daftari, akasema supu haihesabiwi, maana angeinywa hata kama angeshinda nyumbani. Angeinywa kwenye sufuria ya nani, sikumuuliza.

Lakini nauli si kitu. Hasara yenyewe ilikuwa inatungoja jikoni. Mchele ukiwa kilo mbili kwenye ndoo, dada anayetusaidia kazi huupima kwa kikombe na kusawazisha juu kwa kiganja. Gunia liliposimama pembeni ya jiko, kikombe kile kile kikaanza kuota kilima. Masokoni lumbesa imepigwa marufuku, na Wakala wa Vipimo huwaandama wanaoshindilia gunia mpaka liwe na kichwa juu ya kichwa. Jikoni kwangu hakuna mkaguzi. Tukawa tunakula wali mchana na usiku, asubuhi tunapasha kiporo, na kilichobaki kikawa kinawanenepesha kuku wa mama mwenye nyumba, ambao hatujawahi kupewa hata yai lao. Gunia ambalo daftari lilisema litatufikisha miezi mitatu lilitikiswa na kukung'utwa kabla ya mwezi wa pili kuisha.

Pampasi zilikuwa na mkasa wake. Mtoto wetu wa pili alikuwa mchanga, na Mangi alikuwa anatuuzia pampasi moja moja, jambo ambalo Baba Watoto aliliona kama tusi. Akaleta shehena ya saizi ndogo, ikapangwa mpaka juu ya kabati. Hakuna mtu aliyemshirikisha mtoto katika mpango huu. Yeye alikuwa ananyonya tu, ananenepa, na ghafla mapaja yakakataa kuingia. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila mwanamke aliyejifungua mtaani kwetu alipokea zawadi kutoka nyumbani kwangu, na sifa za ukarimu wetu zilifika hadi Segerea.

Kisha ikaja sukari. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchi nzima. Mvua za El Niño zilikuwa zimejaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna, serikali ikatangaza bei elekezi, na mitaani kilo ikapita 4,000 bila kutazama nyuma. Na sisi, chini ya kitanda chetu, tulikuwa na mfuko wa kilo 25 ulionunuliwa kabla ya yote hayo. Sijawahi kumwona mume wangu na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi. Usiku alikuwa analala upande wa mfuko.

Sukari lakini haifichiki. Wa kwanza kujua ni sisimizi, ambao walipanga mstari kutoka dirishani hadi mvunguni. Wa pili ni mama mwenye nyumba. Alikuja jioni, akakaa kwenye mkeka, akaulizia hali ya watoto, kazi, mama yangu kijijini, mguu wa mama yangu kijijini, halafu akasema, "Mwanangu, nasikia kwako bado mnakunywa chai." Nikampimia kikombe. Kesho yake alikuja wa chumba cha pili na kikombe chake. Wa chumba cha tatu alimtuma mtoto na bakuli. Jumapili shemeji yangu akatokea Mbagala, mtu ambaye tangu aposti picha za arobaini ya mtoto wetu hakuwa amekanyaga, akisema amewakumbuka sana watoto. Aliwakumbuka kwa kilo mbili.

Wote walikopa, na nawapa haki yao, wote walilipa. Ila walikopa kikombe bei ikiwa juu ya 4,000 wakarudisha kikombe bei iliposhuka, tena vikombe vya kurudishia vilikuwa vidogo kuliko vya kukopea. Baba Watoto alijaribu kuliweka jambo hili kwenye daftari, akafuta, akajaribu tena. Huwezi kumdai jirani riba ya sukari. Ukimdai, siku ya msiba wako utapika mwenyewe.

Ungedhani sukari ingemtosha. Siku zile zile za uhaba akaleta friji ya mtumba, ndefu, yenye mlango wa kufungulia juu, kwa hoja kwamba samaki wa Feri ni rahisi ukiwanunua mnadani alfajiri, kabla hawajapita mikononi mwa wachuuzi. Hoja hiyo ni kweli kabisa. Akanunua vibua ndoo nzima, akalipa vijana wakawaparua, akarudi kabla ya saa tatu akiwa na magamba kwenye saa ya mkononi. Ilikuwa ndiyo miezi ya mgao wa umeme, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha mwezi Februari mwaka huo. Umeme ulikatika mchana. Saa kumi na mbili jioni vibua walikuwa wameanza kulegea macho, na mimi nikawasha majiko mawili, gesi na mkaa, nikakaanga hadi mafuta ya dumu yakaisha, nikatuma mtoto kwa Mangi akalete mafuta ya kupima. Mangi aliuliza kama tuna shughuli. Nyumba nzima ilikula samaki usiku ule kwa mwanga wa simu, pamoja na wale wa chumba cha tatu, ambao walikuja na ugali wao, nikiri, na pilipili nzuri.

Nilipokuwa nakwangua kikaango nikawa namfikiria Mangi. Yule kijana wa kwenye video anamwona Mangi kama kupe wa maskini. Mimi naona ni mlinzi wa ghala langu. Sukari ikiwa dukani kwake, sisimizi ni wake. Jirani hawezi kuja kuikopa kwangu, maana sina. Dada hawezi kuijaza kilima. Saa nne usiku akishusha lile pazia la chuma, hakuna mtu nyumbani kwangu atakayekoroga uji kwa vijiko sita, hata akitaka. Ile hamsini anayonizidishia kwenye kila robo ni kodi ya stoo na mshahara wa askari, na kwa kazi anayofanya naona ni nafuu. Kilo 25 zina kiburi, kila mtu anazichota anavyotaka. Robo ina adabu.

Nilimwambia Baba Watoto maneno haya. Akasema huo ni uchumi wa kimaskini. Nikamuuliza, kwani sisi ni akina nani?

Simkatalii jumla moja kwa moja. Ipo jumla inayofaa, na wanawake wa nyumba yetu waliijua kabla ya WhatsApp. Tunachanga, mmoja wetu anakwenda Mabibo alfajiri, analeta tenga la nyanya, tunamwaga uani na kugawana papo hapo. Hakuna kinacholala ndani zaidi ya siku chache. Masika, nyanya zinapooza mashambani na bei inapanda mpaka mtu unapikia tui tupu, tenga la kuchanga ndilo linalotuokoa. Nauli tunagawana sote, isipokuwa aliyekwenda sokoni. Ugomvi unakuja kwenye nyanya za chini, zile zilizopondwa na za juu njiani, kwa kuwa kila mmoja anaamini fungu lake ndilo lenye nyingi. Tumeshanuniana kwa ajili hiyo, mama mwenye nyumba akatupatanisha, akachukua zile zilizopondeka kama ada ya upatanishi. Nadhani alikuwa anazitaka tangu mwanzo.

Vitafunwa vya watoto ndivyo vilivyokuwa vita vya mwisho. Ijumaa jioni tulikuwa na desturi ya kununua chipsi mayai kwa kijana wa kibandani, na Baba Watoto akapiga hesabu ya viazi, mayai na mafuta, akaona tunaibiwa mchana kweupe. Akanunua trei la mayai na viazi ndoo, akavaa kanga yangu kiunoni, akaingia jikoni mwenyewe. Chipsi zilitoka nyeupe, laini, zimeshikana na mayai kwa namna ambayo ilibidi tukate kwa kisu. Binti yetu mkubwa, ambaye bado hajaanza darasa la kwanza, alionja kimoja, akakirudisha kwenye sahani kwa heshima zote. "Baba," akasema, "hizi si chipsi. Hizi ni viazi."

Mimi nilikuja na barafu za ubuyu. Ubuyu hauna gharama: unachemsha, unatia sukari na iliki, unamimina kwenye vikombe vidogo, unachomeka kijiti, na friji ya vibua ikapata kazi ya maana. Nikajaza safu mbili, nikajua watoto watatosheka wiki nzima bila kumwona muuza aiskrimu. Siku ya pili safu moja haipo. Nikadhani ni dada. Kumbe binti yangu alikuwa ameshafungua biashara dirishani, watoto wa mtaa mzima wamejipanga, kila barafu mia, kukopa hakuna. Fedha alizokuwa anapata alikuwa anamkimbizia yule kijana wa kibandani, ananunua chipsi kavu.

Baba yao alirudi siku ile na joto la Dar es Salaam shingoni, akafungua friji, akachukua barafu. Binti akamwambia ni mia. Akacheka. Binti hakucheka. Baba akamweleza ubuyu ni wa nani, umeme analipa nani, friji ilinunuliwa na nani. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kiganja. Mhasibu akajipapasa mfukoni, akapata sarafu ya mia mbili.

"Sina chenji, baba," binti akasema, huku akifunua friji. "Chukua mbili."