Boneti Likifunguliwa, Kila Mtu Fundi

Mtu akiugua Dar es Salaam, ataulizwa kama ameshakwenda hospitali. Gari likiugua, hakuna maswali. Dawa zinamiminika tu. Na gari likiwa kuukuu kama Corolla yangu ya mwaka 1997, zinakuja na pole juu.

Lilianza kuchemsha kwenye foleni ya Buguruni, jua la saa nane likiwa kichwani. Nikalisogeza pembeni, nikafungua boneti. Kabla sijalikaza vizuri kwenye fimbo yake, jopo limeshatimia. Bodaboda akasikiliza, akasema plagi. Muuza mihogo akanusa, akasema gasketi imekwenda. Konda wa daladala alimaliza kesi bila kushuka mlangoni: "Mzee, uza!"

Mmoja wao, mwenye huruma kuliko wote, akakunja kitambaa afungue mfuniko wa rejeta. Nilimdaka mkono. Maji yale yamebanwa kwa presha, kwa hiyo hupita nyuzi 100 bila kutokota. Ukifungua tu, yanakurukia usoni.

Injini ilipopoa akafika fundi. Hakuuliza kitu. Alilegeza nati mbili, akatoa thamostati, akanikabidhi.

"Bosi, hii ni ya Wajapani, kwao baridi. Huku kwetu joto lipo la kutosha."

Hoja tamu, ila hesabu inaikataa. Joto la Dar, hata Februari, halifiki nyuzi 40. Injini ya petroli hutaka zaidi ya nyuzi 80 ili ifanye kazi sawasawa. Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, kisha hufunguka. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto, hunywa mafuta ovyo, na oili huchafuka mapema. Fundi anaondoka na hela yake, nawe unabaki kushangaa mbona kituo cha mafuta kimekuwa nyumbani.

Ugonjwa wenyewe aliuona fundi umeme, kijana asiye na maneno mengi. Aliuliza swali moja: "Linachemsha kwenye foleni au hata kwenye mwendo?" Kwenye foleni tu, nikamjibu. Akaenda moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi ya feni ya rejeta ilikuwa imeungua. Kwenye mwendo, upepo wa barabarani ulikuwa ukiifanyia feni kazi yake. Buguruni upepo huo haupo. Fyuzi yenyewe bei yake haifikii chipsi mayai.

Wenye magari ya umri huu, pimeni oili na maji asubuhi, injini ikiwa baridi na gari limesimama mahali tambarare. Mkiona oili imekuwa na rangi ya maziwa, msiwashe, maji yameingia. Na fundi akikukabidhi kifaa mkononi akisema hakina kazi, mwambie akirudishe mahali pake kwanza, ndipo mzungumze habari ya malipo.