Jumapili Ukuta Hautobolewi

Jumapili ya Ujerumani inalindwa na katiba. Kifungu cha 139 cha Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 kiliifanya kuwa siku ya kupumzika kazi na kuinua roho, na Sheria ya Msingi ilipoandikwa mwaka 1949, kifungu hicho kilichukuliwa kama kilivyo. Ndiyo maana maduka hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni na vituo vya mafuta, pamoja na wauza mikate kwa saa chache. Mashine ya kukata nyasi hailii. Hata chupa tupu haitupwi kwenye pipa la vioo la barabarani, kwa sababu itapiga kelele. Sisi wa Stuttgart tumezoea. Ambaye hakuzoea ni shemeji yangu, kaka yake Mama Salma, fundi seremala wa Tanga, aliyekuja kututembelea kwa viza ya siku 90 akiwa na mikono isiyojua kukaa bure.

Utulivu huo wa Jumapili hulipiwa Jumamosi. Shemeji alidhani wikendi ya Ulaya ni kulala mpaka jua liwake, akatukuta mbioni tangu asubuhi: kununua mchele na nyama kabla watu hawajajaa, kutupa vioo, kurudisha chupa za plastiki dukani. Chupa nyingi za namna hiyo zina amana ya senti 25, nayo hurudishwa na mashine ukutani. Binti yetu Salma huipenda kazi hiyo. Huisukuma chupa kwenye tundu, mashine huizungusha mpaka isome alama yake, kisha huimeza. Ikiwa lebo imekunjamana, huitema. Baada ya hapo tulikuwa na ngazi za kufagia. Waswabi, wenyeji wa huku, huiita kazi hii Kehrwoche, zamu ya usafi, na asili yake huihesabu tangu sheria ya mji ya mwaka 1492, iliyomtaka kila mtu kuondoa samadi yake kila wiki. Samadi haipo tena, ila kibao cha zamu bado kinazunguka mlango kwa mlango, na wiki hiyo kilikuwa kwetu. Shemeji alifagia ghorofa tatu huku akiuliza mlipwaji ni nani.

Jumapili tulingoja wageni wa pilau. Mama Salma alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu, mimi nina kikombe cha chai, mguu juu ya mguu, nikajisemea kwamba sasa ndiyo mapumziko. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ukuta ukalia.

Shemeji aliona aibu kula chakula cha dada yake bila kumwachia hata msumari. Rafu ya viungo ilikuwa imelala nyuma ya mlango tangu tuinunue, na drili aliikuta stoo. Tundu la kwanza halijafika nusu, mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa mlango wa mbele, mjane wa miaka themanini hivi, mwembamba na mnyoofu. Alisema neno moja tu: Jumapili. Shemeji, drili nyuma ya mgongo na vumbi la chokaa kwenye nyusi, akainama akamwamkia: "Shikamoo, mama." Bibi akamtazama kidogo, akarudi kwake.

Basi rafu ikangoja, mapishi yakaendelea. Pilau ya watu wa pwani haina mzaha: vitunguu vikaangwe mpaka viwe rangi ya kahawa, na jira inukie mpaka kwa jirani. Nyama iliiva, mchele ukatiwa, sufuria ikafunikwa. Lakini moshi wa vile vitunguu ulikuwa bado unatafuta pa kutokea, ukaona korido. Katika jimbo hili ving'ora vya moshi ni lazima hata kwa nyumba za zamani tangu mwisho wa mwaka 2014, na chetu kiko darini, koridoni. Kililia mpaka meno yakauma. Salma akatoka mbio hadi kwenye ngazi, mama yake akamfuata na mwiko mkononi. Shemeji alifungua dirisha la sebuleni na mlango wa nje ili upepo upate nafasi, kama angefanya kwao Ngamiani, Tanga, akatoka akipunga taulo. Nami nikatoka kumwomba radhi bibi, ambaye alikwisha tokea tena.

Upepo ulipita kweli. Mlango ukajibamiza.

Milango ya huku kwa nje haina mkono. Ina kirungu tu kisichozunguka. Mlango ukishajifunga, bila ufunguo huingii. Funguo zilikuwa ndani, pamoja na simu na viatu. Jiko la umeme lilikuwa linawaka. Tulisimama kwenye ngazi tulizozifagia wenyewe, Mama Salma kanga kiunoni, mimi na soksi.

Bibi alitutajia njia mbili. Ya kwanza ni fundi wa makufuli, ambaye Jumapili bei yake huwa nyingine kabisa. Vyama vya kutetea walaji havichoki kuwaonya watu wakubaliane jumla ya malipo kwenye simu kabla fundi hajaja. Ya pili ni zimamoto, namba 112. Alikwisha shika simu. Shemeji akamwomba, kwa mikono, dakika tano, chupa ya plastiki na mkasi.

Alikata ubavu wa chupa, akapata kipande kipana kama kiganja. Akakipenyeza kwenye ufa kati ya mlango na fremu, juu ya kitasa, akakishusha taratibu huku bega lake likiusukuma mlango na kuuachia. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ulishikwa na ulimi wa kitasa tu, na ulimi ule umechongwa kwa mshazari. Plastiki ikateleza juu yake. Mlango ukafunguka.

Pilau ilishika chini, ukoko wa unene wa kidole, ambao Salma na wageni wadogo waliugombania. Bibi tulimpelekea sahani. Aliila yote. Kilichomkosesha raha ni kitu kingine: katika jengo lile milango yote ni ya aina moja, naye kwa miaka yote alikuwa akitoka kwenda sokoni bila kuzungusha ufunguo.

Jumatatu, saa za kazi zilipoanza, alimwita shemeji ampigie bamba la chuma kuziba ufa ule. Drili ililia mchana kweupe na hakuna aliyegonga mlango. Malipo yalikuwa keki nzima ya tufaha, kwa kuwa viza ya matembezi hairuhusu ujira.