Ukungu Nje, Ukungu Ndani: Lodge ya Tukuyu kwa Kuhesabu Kurudi Nyuma

Mkwe halalamiki ukweni. Sheria hiyo nimeishika tangu nilipoanza kula ndizi za Rungwe, na sijawahi kuonywa. Mwaka huu nyumba ya wakwe ilijaa wageni wa harusi hadi stoo, mimi na mke wangu tukaombwa tukalale lodge siku tatu. Sheria haisemi lolote kuhusu lodge.

Jina lake silitaji. Tuliwahi kulala hapo ilipokuwa mpya, miaka minane iliyopita, na tulipiga picha hadi chooni. Safari hii nilikaa kitandani na kalamu, nikahesabu kutoka kumi kushuka hadi moja. Mke wangu alisema nihesabu polepole, kitanda kisije kikasikia.

10. Kibao cha barabarani

Kilikuwa kimeandikwa KARIBUNI. Herufi tatu za mwanzo zimedondoka, kimebaki IBUNI. Nilicheka, kumbe ndiyo maelekezo ya matumizi. Maji ya moto, ibuni. Taulo la pili, ibuni. Sabuni nilijaribu kuibuni, ikanishinda, nikaenda dukani.

9. Malapa ya bafuni

Yote mawili ya mguu wa kushoto, moja la mtoto na jingine la mchezaji wa kikapu. "Ndoa nyingi zimedumu zikiwa hivyohivyo," alisema mke wangu, kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

8. Chai

Ukitoka Mbeya kuja Tukuyu, barabara inapita katikati ya chai. Vilima vimenyolewa kama vichwa vya watoto siku ya kufungua shule. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli viko wilaya hiihii. Halafu unaletewa chupa ya chai ambayo jana ilibeba supu na leo haijasahau. Kizibo chake, nilipokifungua, kilikuwa na historia ndefu kuliko yangu. Nikaagiza mtindi.

7. Rimoti

Bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani. Ndicho kitu pekee chumbani kilichotunzwa. Televisheni haiwaki.

6. Kuta

Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg, Langenburg mpya, kwa sababu ile ya kwanza waliiacha kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Boma lao lilijengwa hapa Tukuyu kabla ya vita ya kwanza ya dunia, na kuta zake zimesimama hadi leo, ofisi za serikali zikiwa ndani. Lodge yetu ina umri wa mtoto wa darasa la pili, na ufa wa chumba chetu unaingiza kidole.

Sisemi Wajerumani warudi. Nasema tu kwamba Rungwe ni wilaya ambayo mvua yake inaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo haina utani na mtu aliyepaka rangi juu ya plasta mbichi ili awahi siku ya uzinduzi. Maji yanashuka kwenye bati, mfereji wa bati umeziba kwa majani, yanamwagika ukutani, ukuta unakunywa. Mlango unavimba. Wa kwetu ulivimba kiasi kwamba kuufunga ilikuwa kazi ya watu wawili, na kuufungua ilikuwa kazi ya watu wawili na mpita njia.

5. Ukungu

Hapa nitakaa kidogo.

Dirisha letu linatazama Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi. Siku tatu zote mlima haukutoka kwa sababu ya ukungu. Hilo si kosa la lodge. Tukuyu iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mawingu hupita mtaani kama wenyeji. Nikageuka kutazama ukuta: ukungu. Nikafungua kabati: ukungu. Nilikuwa nikidhani kutumia neno moja kwa vitu viwili ni uvivu wa Kiswahili. Sasa naamini aliyelianzisha neno alilala Tukuyu.

Ule wa nje una adabu, hupanda jioni na kuondoka jua likikaza. Ule wa ndani umepanga chumba kwa mwaka mzima. Unafugwa hivi: dirisha limepigwa msumari tangu siku mgeni mmoja alipoibiwa simu, pazia ni zito na halifunguliwi, taulo mbichi linaning'inizwa nyuma ya mlango, na chumba kikikosa mgeni kinafungwa wiki nzima na unyevu wake. Baadaye anakuja fundi rangi, hafuti, hakwangui, anapaka juu. Ukungu unafunikwa shuka safi, unashukuru, na baada ya miezi miwili unatoka upande wa pili ukiwa umenenepa. Jiki, kitambaa na dirisha lililo wazi mchana vingemaliza kazi kwa asubuhi moja.

Nikamwita mhudumu, kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huu ukutani ni nini?"

Akautazama kama anauona mara ya kwanza. "Ramani, baba."

"Ramani ya nini?"

"Wageni wengi wanasema Afrika. Kama Ngozi."

Ziwa Ngozi, kwa msiotoka huku, lipo juu ya mlima ndani ya kreta, na wenyeji husema ukilitazama kutoka ukingoni lina umbo la bara la Afrika. Kijana alikuwa ananiuzia utalii kwa kutumia ukuta uliooza. Nilimpa heshima yake.

Bafuni sikuthubutu kuuliza. Mwaka 2003, katika misitu ya mlima huohuo tuliokosa kuuona, watafiti walimkuta kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui, ingawa wenyeji walimjua kwa jina la kipunji. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Mimi nina pendekezo kuhusu kile kilichokuwa nyuma ya pazia la bafu. "Usikiguse," mke wangu alisema, "utatakiwa ukipe jina."

4. Bustani ya watoto

Siku ile ya kwanza, bustani hii ilikuwa ndiyo fahari ya mahali. Kulikuwa na simba wa saruji, twiga wa saruji, bembea tatu na mtelezo wa bati uliong'aa. Leo simba hana masikio wala pua. Mtoto wa shemeji yangu alisimama mbele yake kwa adabu, kisha akaniuliza, "Anko, huyu mbuzi amefanya nini?" Bembea zimebaki minyororo miwilimiwili isiyo na kiti. Mtelezo umeshika kutu na unaishia kwenye dimbwi, kwa hiyo mtoto anashuka akiwa msafi na kufika akiwa tope.

Disneyland ya California ilifunguliwa Julai 1955 kwa aibu tupu. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, bomba za maji ya kunywa zikawa kavu katika joto kali, na lami ilikuwa mbichi hata ikanasa visigino vya akina mama. Wakaiendesha hivyohivyo siku ya kwanza, kisha wakarekebisha, na hadi leo wanapaka rangi. Sisi tuna mpango wa kinyume chake. Siku ya uzinduzi hakuna kinachokosekana: utepe, mkasi juu ya sinia, mgeni rasmi, ng'ombe kwenye moto. Siku ya pili ndiyo hatukuipangia.

Mji huu unaijua hadithi hiyo kwa upande wa mpira. Tukuyu Stars walipanda daraja na mwaka 1986 wakawa mabingwa wa Tanzania Bara, wakiwaacha wakubwa wa Dar es Salaam wakipigana vikumbo nyuma yao. Ubingwa haujarudi. Wazee wa hapa bado wanausimulia kama wa juzi, na mimi siwezi kuwabishia, maana hata picha zangu za kile choo bado ninawaonyesha watu.

3. Bwawa la kuogelea

Wanasema Ngozi ni la pili kwa ukubwa kati ya maziwa ya kreta barani Afrika. La tatu nimeliona nyuma ya jiko la lodge.

Lina rangi ileile ya kijani kibichi. Kama Ngozi, halina mto unaotoka. Tofauti ni kwamba kulifikia Ngozi unapanda msituni kwa miguu hadi pumzi ziishe, ila hili unalifikia ukiwa na sahani mkononi. Vyura wake wanaanza saa moja usiku na hawana nusu ya kwanza wala ya pili.

Maji ya bwawa hayafi kwa siku moja. Pampu ikizimwa ili kuokoa umeme wa Luku, maji yanasimama, chujio linalala, klorini inaisha na hainunuliwi, na jua la siku chache tu linaotesha ukijani. Kuliokoa siku hiyo ni rahisi. Mwezi mmoja baadaye inabidi kumwaga maji yote, kusugua kuta na kuanza upya. Hapo ndipo msimamizi anapochagua njia ya tatu, ambayo ni kuondoa neno "bwawa" kwenye orodha ya bei na kuliita "mandhari".

"Samaki wapo?" nilimuuliza kijana.

"Bado, baba." Ile "bado" ilinipa matumaini ambayo sikuyahitaji.

2. Maji

Wilaya hii imejaa maji yasiyohitaji fundi. Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba lililoachwa na lava, na unajikunja na kuchemka bila moto pale Kijungu. Kaporogwe maji yanaruka kutoka genge refu na nyuma yake kuna pango unaloweza kuingia. Daraja la Mungu halijawahi kupakwa rangi, halina bajeti wala kibao cha mfadhili, na bado linavusha.

Chumbani tulikuwa na ndoo.

Koki ya bafu ilikohoa mara tatu, ikatoa jani, ikanyamaza. Nikatoka nje nikaliona tenki juu ya mnara wake likifurika na kumwagikia ukuta wetu, ule wa ramani. Boya la tenki limevunjika, kwa hiyo maji hayajui kusimama, na bomba la kushukia limezibwa na majani, kwa hiyo hayajui kushuka. Boya jipya haliifikii bei ya kuku wa kienyeji. Harusini kwa shemeji tulichinja kuku kumi na wanne.

"Mwenye lodge analijua hili?"

"Yupi, baba?"

Hapo nikavuta kiti. Kumbe lodge ni ya ndugu wanne walioichangia, na kila mmoja ana mwezi wake wa kuchukua mapato. Mwezi huu ni wa kaka mkubwa. Ujao ni wa dada aliyeko Mbeya. Boya likivunjika mwezi wako, unavumilia siku zilizobaki, unamwachia anayefuata.

Huko Ulaya na Marekani kuna biashara ya kuuziana nyumba za mapumziko kwa wiki: unanunua wiki yako moja ya kila mwaka, zilizobaki ni za watu wengine, na kila mwaka mnalipa ada ya matunzo. Wenye wiki zao huko wananung'unika kwamba ada inapanda huku rangi ikibanduka. Niliwahi kuwacheka. Sasa naona wametuzidi, wao wana ada ya kunung'unikia. Hapa mapato yana zamu, boya halina. Na tusiwaonee ndugu wanne, maana mali yenye wenyewe wengi zaidi ilikwisha kutuchokea. Kilimanjaro Hotel ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1965 ikiwa fahari ya taifa jipya, ikazeeka mikononi mwa umma, ikaja kufunguliwa upya 2005 chini ya Kempinski, wakati ambao wengi wetu hatukuweza tena kumudu hata soda yake.

1. Fagio

Nililiona siku ya mwisho, nyuma ya mlango wa mapokezi. Limelika hadi kwenye kamba. Kilichobaki ni mpini wenye ndevu. Wakati wa uzinduzi walikuwapo wafagizi watatu. Sasa yupo kijana wangu peke yake, naye ndiye mapokezi, jikoni, mlinzi usiku na mfasiri wa ramani.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu huku si nchi ya watu wachafu. Mskoti Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 aliandika kwa mshangao kuhusu migomba, vivuli na unadhifu wa nyumba za watu wa huku. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekata utepe.

Asubuhi ya kuondoka nilisikia sauti ya chelewa: kwarara, kwarara. Nikachungulia ng'ambo ya ua. Mama mmoja wa makamo, kanga imefungwa kifuani, alikuwa anafagia chini ya migomba yake. Amenyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke. Kila jani limerundikwa pembeni, na ardhi yote imebaki na mistari ya fagio, imenyooka kama daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe." Mji mzima ulikuwa unanijua.

"Mama, una chumba cha kupangisha?"

Akacheka hadi akasimama. "Kwani huko unakolipa hawafagii?"

Nikamwambia mwezi huu ni wa kaka mkubwa.

"Kaka mkubwa?" Akaegemea mpini, akaitazama lodge kwa jicho moja. "Fagio langu jingine analo tangu Pasaka."