Namna ya Kuwa Mwenye Hekima Al Hamra Bila Kuchoka

Hekima ya kweli hupatikana kwa kusoma sana, kuishi sana na kuumia sana. Wewe nafasi hiyo huna. Wiki nzima uko Maskati, una mkopo wa gari, na Alhamisi jioni unapanda Al Hamra, mjini kwenu huko Oman, kuwaamkia wazee. Ukiingia sablani, kwenye ukumbi wa ukoo, watu wanakusogezea mto kwa sababu kilemba chako kimepigwa pasi na unafanya kazi kwenye jengo lenye lifti. Wanangoja useme neno. Usiwavunje moyo, baba. Fuata maelekezo haya, na Idi haitafika kabla hujaanza kuombwa ushauri wa ndoa za watu.

1. Jifunze kula tende

Naanza na tende kwa sababu hapo ndipo penye elimu yenyewe. Usikae mbele kabisa, huko watakupima. Usikae mlangoni, utatumwa maji. Kaa katikati. Kahawa ikija, pokea kwa mkono wa kulia; finjani haijazwi, hutiwa kidogo tu, na mwenye dele amesimama mbele yako anakusubiri.

Sasa swali likitupwa upande wako, usijibu. Chukua tende. Itafune taratibu, itafute kokwa kwa ulimi, itoe kwa vidole viwili, iangalie kama unayekumbuka uliiona mahali, kisha iweke kisahanini. Piga funda moja la kahawa. Mpaka hapo mtu mwingine ameshajibu, tena vibaya, na wewe umebakiwa na kazi nyepesi ya kutikisa kichwa. Watasema: huyu kijana hakurupuki.

2. Beba methali mbili mbili

Mwenye methali moja ni mtu wa msimamo, na mtu wa msimamo hana marafiki. Bahati nzuri wazee wetu walitupa akiba ya pande zote. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini manahodha wengi chombo huenda mrama. Mgeni njoo mwenyeji apone, ila siku ya tatu mpe jembe. Ukiombwa mkopo, akiba haiozi. Ukiomba wewe, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hakikisha hizi mbili za mwisho huzisemi mbele ya mtu mmoja.

Tuzijaribu kwenye jambo lenyewe. Al Hamra kongwe imejaa nyumba za udongo za ghorofa mbili tatu, dari zake za magogo ya mtende, na karibu kila nyumba ina warithi wengi kuliko vyumba. Mmoja yuko hapa, wawili Maskati, mwingine Dubai, na yuko shangazi Unguja ambaye hajauona mlango wake lakini fungu lake analijua kwa sehemu na desimali. Kila mvua ikinyesha ukuta unameguka. Kikao kinaitishwa. Lazima mmoja aitaje Bait al Safah, ile nyumba ya zamani iliyogeuzwa makumbusho, wanawake wakisaga kahawa na kuchoma mikate wageni wakitazama. "Na sisi tungefanya kama wale," atasema. Mwenye kusema hivyo huwa hajatoa hata baisa moja.

Ami yako mkubwa anataka ukarabati. Mdogo anataka kungoja. Wote wawili wanakugeukia wewe. Tende imekwisha, huna pa kukimbilia. Mtazame mkubwa: "Ami, usipoziba ufa utajenga ukuta." Nyamaza kidogo. Mgeukie mdogo: "Lakini subira yavuta heri." Wote watavuta pumzi na kusema kweli kabisa. Hakuna atakayegundua kwamba umeshauri nyumba itengenezwe na isitengenezwe. Na kubwa zaidi, hakuna atakayekumbuka kukuuliza mchango wako wewe ni riali ngapi.

Ukuta ukianguka mwakani, utasema "nilisema". Usipoanguka, utasema "nilisema".

3. Msingizie marehemu

Neno lako mwenyewe halina uzito. Watu wanakujua tangu unatembea bila suruali. Lipe mwenyewe mwingine. "Marehemu babu alikuwa akisema" ni bora kuliko shahada mbili, maana marehemu hakanushi. Ukikosa babu, tumia lugha. Al Hamra ni mji wenye neema hiyo: wako waliozaliwa Afrika Mashariki wakarudi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengine walipofunguliwa mlango baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Hawa Kiswahili wanacho. Wajukuu wao wanakielewa pale tu wanapoitwa kula au wanapotukanwa. Kwa wajukuu sema, "Watu wa Unguja wana msemo wao." Kwa wazee sema, "Waarabu wa zamani walikuwa wakisema." Ukijikuta mbele ya wote kwa pamoja, rudi kwenye tende.

Wala usiogope kwamba unaiba. Mmisionari wa Kiingereza, William Taylor, aliyekaa Mombasa, alitoa kitabu kizima cha methali za Waswahili mwaka 1891. Waliozitunga hawakupata senti, na waliozirudia tangu hapo hawakulipa. Jiunge na foleni.

4. Piga hewani

Hii ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote. Siku moja, mazungumzo yakipoa, sema polepole bila kumtazama mtu: "Nyani haoni kundule." Kisha shughulika na finjani yako. Pembeni mwa jicho utaona kitu cha ajabu: kila mmoja anamtazama mwenzake na kutabasamu. Hata mmoja hatajipapasa nyuma. Mkitoka, watu watatu tofauti watakushika mkono gizani na kukunong'oneza, "Leo umempata!" Usiulize nani. Ukiuliza utagundua kwamba wametaja watu watatu tofauti, na kwamba hao watatu ndio walewale wanaokushika mkono.

5. Waige kina mama

Wanaume wa sablani wanajiona mabingwa wa mafumbo. Mabingwa wako ndani, na wanavaa silaha zao. Kanga zinafika Al Hamra kwenye mabegi ya wanaorudi kutoka Unguja na Dar es Salaam, na mwenye akili hachagui rangi, anachagua maandishi. Shemeji anapita sebuleni na sinia la halua, mgongoni imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Wifi yake amesoma, ameelewa, amekasirika, na hana la kusema. Akisema, ataambiwa: hii nguo tu, mwenzangu, nimeletewa zawadi.

Huo ndio ustadi. Shutuma bila mshitaki, na kesi haifunguliki. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye kanga za "Mali ya Abdulla", limekuwepo tangu 1887, na katika muda wote huo sijasikia kanga iliyopelekwa mahakamani.

Wewe mwanamume huna kanga. Una stetasi ya WhatsApp. Iandike usiku, ifute alfajiri baada ya kuhakikisha aliyekusudiwa ameiona.

6. Tunga zako

Utakapopata jina watu watadai kitu kipya. Usihangaike na fikra, hangaika na umbo. Chukua jambo ambalo kila mtu analifanya na hakuna anayekiri, likate vipande viwili, kipande cha pili kigeuke ghafla. Nakupa chache za kuanzia, zitumie kama zako:

Mtu haombi ushauri mpaka ameshaamua. Anachotafuta ni shahidi.

Asiye na wakati ana nusu saa nzima ya kukueleza kwa nini hana.

Sote ni wasamehevu wa deni tulilolisahau.

Hakuna mchoyo duniani. Kuna watu wenye mahesabu.

Mtu akikwambia "mimi sipendi kusengenya", sogeza kiti karibu.

Ukiitoa moja kati ya hizi, usicheke. Anayecheka neno lake mwenyewe amelishusha bei. Angalia juu kuelekea mlima wa Jabal Shams, hata kama mko ndani na dirisha limefungwa.

7. Wageni

Hawa ni rahisi mno, nitapita haraka. Misfat al Abriyeen, kijiji cha mawe kilichoning'inia juu ya mji, kiliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya vijiji bora vya utalii ya shirika la Umoja wa Mataifa, na kamera zinashuka ngazi zile asubuhi hadi jioni. Mtalii akikuuliza lolote, mjibu kwa sentensi fupi yenye neno "maji", "mlima" au "mtende". Hatauliza maana, ataandika. Hata ukisema "mtende hauna haraka ya kuwa mwembe" atakushukuru kwa mikono miwili. Mimi nimeitunga sasa hivi.

8. Pa kutothubutu

Kuna mahali njia ya mkato haipiti. Kwanza, kwenye falaji, mfereji wa maji ya mashamba. Maji yale yana wenyewe na yanagawanywa kwa zamu; kipimo cha zamu huitwa athari, na athari moja ni kama nusu saa, na zamani walipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Jirani ambaye zamu yake imefika hataki subira yavuta heri, anataka nusu saa yake iingie kwenye migomba yake. Ukimpa methali hapo atakupa jembe, na si lile la siku ya tatu.

Pili, mbele ya mwanachuoni. Usisahau mji huu ulimtoa Sheikh Ibrahim bin Said al-Abri, aliyekuwa Mufti wa Oman mpaka alipofariki mwaka 1975. Watu waliokaa na masheikh wa kweli bado wapo, wamenyamaza tu. Ukimwona mzee mmoja ambaye hajakusifu hata mara moja, huyo ndiye. Mbele yake mimina kahawa.

Tatu, bibi yako. Amekulea. Ukianza "marehemu babu alikuwa akisema", atakukata hapo hapo: "Alisema lini? Alikuwa mume wangu mimi." Hili halina dawa. Mwamkie, mpe shurba aliyoiagiza, kaa kimya.

9. Ondoka mapema

Hekima huisha, kama petroli, na taa haiwaki kukuonya. Methali mbili kwa kikao zinatosha, ya tatu wataanza kukuuliza maana. Mwenye dele akija tena, itikise finjani kidogo kulia na kushoto kuonyesha umetosheka, mrudishie, simama, waage wazee mmoja mmoja kwa mkono. Fanya hivyo kabla hawajafika kwenye michango ya arusi.

Nami nina ombi moja. Sabla zenyewe si nyingi, na kazi hii tunaifanya wengi. Ukinikuta nimeshaanza na ile ya ufa, wewe shika ile ya subira, uniachie yangu.