Tableti ya Mjomba

Mke wangu ni mtunza hesabu. Ofisi yake ni ile ncha ya meza ya chakula iliyo karibu na dirisha, na wateja wake ni wachuuzi wa masoko ya Marikiti na Kongowea, Mombasa: muuza viungo, akina mama wa mitumba, na mzee mmoja wa samaki anayehifadhi risiti zake kwenye kopo la biskuti. Mwaka mzima huwawekea daftari zao sawa, na kabla ya tarehe 30 Juni huwajazia marejesho ya ushuru wa mapato. Kazi yote hiyo ilikuwa ikipitia laptopu moja kuukuu, nyeusi, nzito, ambayo betri yake ilikufa zamani. Stima zikipotea, nayo inapotea. Feni yake ikianza kuvuma, mama yangu, Bibi wa watoto, ambaye tunaishi naye, huuliza nani anasaga nazi saa hizi.

Lakini laptopu ile ilikuwa na heshima yake. Mama watoto akiifungua, nyumba inanyamaza. Redio inapunguzwa, watoto wanafukuziwa uani, na mgeni akibisha hodi Bibi humpokea barazani kwa sauti ya chini: "Mkwe wangu yuko kazini." Mkwe mwenyewe yuko pale pale, kavaa leso, anatafuna hamri.

Ikaja Idi ya Mei 2022, na pamoja na Idi akaja Mjomba. Mjomba ni kaka yake mke wangu, anafanya kazi Maskati, na ni mtu asiyeamini chochote kilicho kizito. Aliinyanyua ile laptopu kwa mkono mmoja, akaipima, akaitua, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kachelewa. Kesho yake akafungua sanduku, akatoa tableti: kioo cha inchi 11, wembamba wa sahani, na kalamu yake ubavuni.

"Dada yangu, watu wamekwisha hama kompyuta," akasema.

Maneno hayo yana ukoo. Mwaka 2015 Tim Cook wa Apple, akinadi iPad kubwa, alimuuliza mwandishi wa gazeti la Uingereza kwa nini mtu anunue tena kompyuta. Mimi lakini hukumbuka zaidi picha ya miaka mitano kabla yake, siku Steve Jobs alipoionyesha iPad ya kwanza mjini San Francisco, tarehe 27 Januari 2010. Hakusimama mezani. Aliwekewa kiti cha starehe jukwaani, akaketi, akakunja nne, akawa anafungua kurasa za intaneti kwa kidole huku ulimwengu ukimtazama. Mwenye kitu alikuwa ameshatuonyesha mahali pake ni wapi. Sisi ndio tulioibeba tukaipeleka kwenye marejesho ya ushuru.

Mjomba hafanyi jambo nusu. Kabla hajarudi Maskati alikuwa ameshampata mnunuzi wa laptopu: kijana wa duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, anayepiga picha za pasipoti na kuchapisha kadi za harusi. Fedha zilizopatikana zikanunua kibodi ya bluetooth na kifuniko cha ngozi cha kusimamisha tableti. Mjomba akapanda ndege na dua zetu zote.

Nisiinyime tableti haki yake. Risiti za mashine za madukani huchapwa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto, na joto hilo hilo likidumu huyafifisha maandishi. Kopo la biskuti likikaa kwenye jua la Mombasa, risiti za Januari zinakuwa karatasi nyeupe ikifika Juni. Sasa mke wangu alikwenda Marikiti na tableti kwenye mkoba, akapiga picha kila karatasi pale pale kabla haijafifia, mteja akatia sahihi kwa kalamu juu ya kioo. Stima zikipotea, yeye anaendelea, na mtandao anauchukua kwenye simu. Usiku mmoja mtaa mzima ulikuwa giza isipokuwa uso wake. Alifurahi, nami nikafurahi.

Shida ilianzia kwa watu wa nyumbani. Siku ya kwanza alipoiweka mezani afanye kazi, hakuna aliyenyamaza. Redio haikupunguzwa. Kitindamimba wetu alikuja akajipenyeza mapajani, akatazama kioo kilichojaa tarakimu, akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, zamu yangu itafika lini?" Bibi naye akapita na sinia la mchele wa kuchagua, akasema, "Mwanangu, ukimaliza kuchezea hiyo, niitie dada yangu Lamu nimuone uso."

Kuchezea! Mke wangu alikuwa katikati ya hesabu za muuza viungo, mwaka mzima wa iliki na karafuu. Alijibu, "Sawa, Mama," kwa sauti ambayo mimi, kama mume, naijua maana yake.

Tangu hapo tableti ikawa mali ya umma. Bibi akapata kumuona dada yake kwa ukubwa ambao simu haijawahi kumpa, na dada yake akawa anapiga kila baada ya alasiri. Wageni, waliokuwa wakingojeshwa barazani, wakawa wanavuta kiti wakae karibu na mama watoto wakiomba kuonyeshwa picha za harusi ya fulani. Kitindamimba alikwisha ichungulia namba ya siri juu ya bega la mama yake, akasajili alama ya kidole chake, halafu kwa ukarimu akamsajili na nduguye. Ukimgombeza anakuambia, "Lakini siku ile ulikuwa huifanyii kitu, ulikuwa unaitazama tu."

Siku moja simu ya Lamu iliingia mke wangu akiwa anaswali. Bibi alikuwa jikoni anaunga mchuzi; akaja mbio, akapokea kwa kidole chenye manjano, wakazungumza, akakata, akarudi kwenye chungu chake. Mke wangu alipokaa tena mezani alikuta dole la manjano juu ya safu ya Machi, limekauka vizuri. Chini ya dole hilo, gharama za usafiri za Machi zilikuwa zimeburutwa mpaka Aprili. Alifuta kioo kwa ncha ya leso, akarudisha tarakimu moja moja, na hakusema neno.

Kioo chenyewe kilikuwa na mambo yake. Mjomba alichagua kikubwa kwa mapenzi, kumbe Excel ya bure kwenye tableti, ile ya kuhariri na si kusoma tu, mpaka wake ni inchi 10.1, ukipita hapo, unalipia. Tukalipia. Kibodi ya kwenye kioo ikijitokeza inameza nusu ya ukurasa, na namba ya PIN ya mlipa ushuru ina herufi mbele, tarakimu tisa, kisha herufi nyuma, kwa hiyo kila mteja mmoja ni kuhama herufi kwenda tarakimu na kurudi. Kibodi ya bluetooth ilisaidia, ila alama zake hazikukubaliana na mipangilio ya tableti: ukibonyeza ile ya anwani za barua pepe zinatoka alama za kunukuu. Na kwa kuwa tableti ilidhani tunaandika Kiingereza, ilikuwa ikimsahihisha mama watoto kwa bidii. Nguru wa yule mzee waligeuka "guru". Kwa mujibu wa daftari, mzee wetu aliuza guru tele kabla ya Ramadhani, kwa bei nzuri ya kilo.

Yote hayo yalivumilika. Mwezi ukasogea mpaka tarehe 30 Juni yenyewe, kwa sababu wachuuzi huleta karatasi za mwisho siku za mwisho, na hakuna mtunza hesabu wa Mombasa aliyewahi kulibadilisha hilo.

Walimu wawili wa mtaani wenye mishahara tu aliwamaliza asubuhi. Mwenye mshahara pekee, au asiye na mapato, hujaza moja kwa moja kwenye ukurasa wa iTax, mtandao wa mamlaka ya ushuru, na hapo tableti haina neno. Mwenye biashara ana njia nyingine: unashusha fomu ya Excel, unaijaza ukiwa nje ya mtandao, kisha unabofya kitufe kilichomo ndani ya fomu hiyo hiyo. Kitufe kinakagua ulichoandika na kukufungia faili, na faili hiyo ndiyo unayoipandisha. Kinachokiendesha ni makro, yaani vijiprogramu vilivyoandikwa ndani ya Excel. Excel ya kwenye tableti hukufungulia fomu yenye makro, hukuonyesha kila kitu mahali pake, ila makro yenyewe haiendeshi.

Mama watoto akabofya kwa kidole. Kimya. Akabofya kwa kalamu. Akazima, akawasha, akabofya. Kitufe kipo, rangi yake ipo, maandishi yake yapo, na ni sawasawa na kubofya picha ya ukutani.

Saa mbili usiku akampigia Mjomba; Maskati ilikuwa saa tatu. "Zima uwashe," akasema Mjomba. Amezima. "Basi kuna programu ya kushusha." Ipi? "Dada, sauti yako inakatika." Sauti ilikuwa haikatiki.

Anayechelewesha marejesho yake hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Ukizidisha na wateja wake ni fedha, lakini kilichomtia joto hakikuwa fedha. Ni kwamba kesho yake, Ijumaa asubuhi, angepita Marikiti na watu wangemtazama. Akajitanda buibui, akachukua tableti, akavuka barabara. Nikamfuata na tochi.

Kijana wa fotokopi alikuwa hajafunga. Laptopu yetu ilikuwa juu ya kaunta, imebandikwa ua la dhahabu mgongoni, inavuma kama zamani, inachapisha kadi za harusi ya Jumamosi.

"Shikamoo, mama. Kutumia mashine ni shilingi mia kwa saa, na kuchapisha ni kando."

"Mwanangu, hii ni laptopu yangu!"

"Ilikuwa, mama."

Akalipa. Akajitumia daftari zote kwa barua pepe kutoka tableti, akazifungua kwenye laptopu, akaziingiza kwenye fomu, akaruhusu makro, akabofya. Fomu ikajibu, na jibu lilikuwa makosa mekundu kutoka juu mpaka chini: tableti ilikuwa imepanga tarehe Kimarekani, mwezi mbele na siku nyuma, na fomu inataka siku kwanza. Akaanza kuzigeuza. Mzee wa samaki, aliyesikia habari sijui kwa nani, alifika akakaa kwenye benchi na kopo lake mapajani, akawa anamsomea tarehe kwa sauti ya adhana. Katikati ya hapo stima zikayumba, taa ikazima na kuwaka, na laptopu isiyo na betri ikalala fofofo. Kijana akasema pole, ila saa ya pili imeshaanza.

Risiti ya mwisho ya iTax ilitoka ikiwa imebaki robo saa kufika saa sita usiku. Mzee aliisoma akairudia, akauliza kwa nini hawakumwandikia kwamba yeye ni guru.

Wiki iliyofuata mke wangu alivuka tena barabara kwenda kuinunua laptopu. Kijana alitaja bei iliyozidi aliyomlipa Mjomba, akieleza kwamba amesafisha feni na kuongeza ua. Wakavutana siku kadhaa. Ikaishia kwa fedha taslimu, kibodi ya bluetooth, na ahadi ya kumwekea daftari zake sawa kila mwaka. Tumeitia betri mpya. Ua halikubali kubanduka.

Sasa ukiniuliza kama tableti yatosha kwa kazi, nitakujibu kwa nilichokiona: kwa kukusanya kazi haina mfano, kwa kuimaliza bado, na kwa kumfanya mtu aaminiwe nyumbani kwamba yuko kazini, hata isijaribiwe. Siku za kukusanya risiti huenda Marikiti mkobani. Siku nyingine zote ni ya Bibi na Lamu. Laptopu ikifunguliwa, redio inapunguzwa.

Mjomba ameahidi kuja tena, na amesikika akisifia saa ya mkononi inayopokea barua pepe. Ukiwa na mtu Maskati, tafadhali mpelekee ujumbe kwa niaba yetu: alete halua tu.